Gurudumu la baiskeli nyuma ya gari

Muulize kijana yeyote wa mjini magari yenye kamera juu ya paa kwa ajili ya ramani yalianza lini. Atakujibu haraka haraka: Google, mwaka 2007. Si jibu la kubeza, maana ni kweli tarehe 25 Mei 2007 Google walifungua huduma yao ya Street View kwa miji mitano ya Marekani: San Francisco, New York, Las Vegas, Miami na Denver. Lakini sisi, kama kawaida yetu na teknolojia, tuliletewa chakula kikiwa mezani. Jikoni hatukuingia.

Leo nataka tuingie jikoni. Nawaambia mapema kwamba humo tutakutana na uwanja wa ndege wa Entebbe, gurudumu la baiskeli, sekunde 18 zilizopotea, na mwisho tutapita Kimara. Vuta kiti.

Tuanzie San Francisco, Aprili 1906. Ndugu wa familia moja, wakina Miles, walikuwa na kampuni ya kutengeneza filamu. Walifunga kamera mbele ya tramu, wakaiacha ipige picha wakati tramu inateremka barabara ya Market kuelekea ufukweni. Filamu ile ina kama dakika 13. Unaona farasi, magari ya mwanzo mwanzo, wauza magazeti, watu wanaokatiza mbele ya tramu bila wasiwasi kama wanavyokatiza watu wetu mbele ya daladala. Hakuna hadithi. Ni barabara tu.

Siku chache baadaye, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi na moto uliofuata vikauharibu mji. Filamu ilinusurika kwa sababu ilikuwa imeshapandishwa treni kwenda New York. Majengo mengi unayoyaona humo hayakuwepo tena wiki iliyofuata.

Sasa sikia hii. Kwa miaka mingi watu waliamini filamu hiyo ilipigwa 1905. Picha ilikuwepo, watu waliitazama, lakini tarehe haikuwa imeandikwa popote ndani yake. Ni mtafiti mmoja wa filamu za kale, David Kiehn, aliyeketi na kuanza kuchunguza madimbwi ya maji barabarani, kuyalinganisha na taarifa za mvua, kufuatilia namba za magari zilisajiliwa lini, na kupekua magazeti ya wakati ule. Ndipo ikajulikana kwamba ile barabara ilikuwa imebakiwa na siku chache tu za kuishi.

Kazi yote hiyo kwa sababu ya tarehe moja! Nakuomba uishike habari hii, maana historia yote ya kamera za kwenye magari ni historia ya watu wanaohangaika na maswali mawili: picha hii ni ya wapi, na ni ya saa ngapi? Kamera yenyewe haijawahi kuwa tatizo kubwa. Kamera nzuri zilikuwepo kabla babu zetu hawajazaliwa.

Wamarekani walipoanza kununua magari, barabara nyingi hazikuwa na vibao. Kwa hiyo vikatoka vitabu vya safari vyenye picha ya kila njia panda, na mshale umechorwa juu ya picha: hapa kata kushoto, kwenye ghala hili nyoosha. Kampuni ya Rand McNally, ambao hadi leo jina lao ni la ramani, waliviuza sana. Inasimuliwa kwamba Andrew McNally wa pili alipiga baadhi ya picha za njia ya Chicago hadi Milwaukee akiwa kwenye fungate yake, kamera iko mbele ya gari. Mkewe alisemaje, historia haikutuandikia.

Halafu 1966 msanii Ed Ruscha akafunga kamera yenye mota kwenye pikapu, akapiga kila jengo la sehemu maarufu ya barabara ya Sunset kule Los Angeles, pande zote mbili. Akaziunganisha picha kuwa kitabu kimoja kinachokunjuka hadi kufikia kama mita saba na nusu. Chini ya kila jengo aliandika namba ya nyumba. Watu wa sanaa wanakisifia kitabu kile kwa sababu zao. Mimi nakisifia kwa zile namba. Bila namba ni picha ndefu, na zikiwepo ni ramani.

Sasa tuje kwetu. Naam, kwetu kabisa, maana bila Afrika Mashariki huenda hatua iliyofuata isingekuja kwa namna ilivyokuja.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyotoka Tel Aviv ilitekwa baada ya kupita Athens, ikaishia Entebbe, Uganda ya Idi Amin. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walitua Entebbe, wakawachukua mateka waliokuwa wamebaki, wakaondoka na kujaza mafuta Nairobi. Mateka watatu walikufa katika mapambano, askari wengi wa Uganda waliuawa, kamanda wa kikosi Yonatan Netanyahu aliuawa. Mama mzee Dora Bloch, aliyekuwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye kwa kulipiza kisasi. Sisi huku tunaikumbuka Entebbe kwa Amin, kwa Kenya, kwa uhusiano ulioharibika. Wanajeshi wa Marekani walivutiwa na kitu kingine: mazoezi. Waisraeli walijenga mfano wa sehemu ya uwanja ule, wakafanya mazoezi humo kabla ya kuruka. Walipofika Entebbe, hawakuwa wageni.

Wamarekani wakajiuliza: hivi hatuwezi kumfundisha mtu kuijua sehemu asiyowahi kufika, bila kujenga mfano wake kwa mbao na turubai? Shirika la utafiti la jeshi lao, DARPA, likatoa fedha kwa maabara moja ya chuo cha MIT iliyokuwa chini ya Nicholas Negroponte. Mradi uliongozwa na Andrew Lippman. Mji waliouchagua ni Aspen, mji mdogo wa matajiri wanaoteleza kwenye theluji huko Colorado. Sitaki kujua walichaguaje, lakini kama ningekuwa mtafiti wa serikali na ningeulizwa nataka kwenda kufanya kazi wapi, nadhani nami ningeitaja Aspen.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu karibu kila tatizo la magari ya leo lilijitokeza pale, kati ya 1978 na 1980.

Walichukua gari, wakafunga juu yake kamera nne za filamu ya milimita 16: moja inatazama mbele, moja nyuma, moja kila upande. Tatizo la kwanza ni mtikisiko. Gari likipita kwenye shimo, kamera inaruka, na picha mbili zinazofuatana hazipatani. Wakaweka mtambo wa jairo, yaani kifaa kinachozunguka kwa kasi na kwa hiyo hakipendi kugeuzwa, ili kuzituliza kamera.

Tatizo la pili ndilo zuri zaidi. Kamera ipige lini? Ukiiambia ipige kila sekunde, gari likisimama kwenye taa utapata picha arobaini za kitu kimoja, na likikimbia utaruka nyumba nzima. Mtazamaji akija kuziangalia kwa mfululizo, mji utakuwa unakwenda kwa kustuka-stuka. Dawa yao ilikuwa rahisi hadi inachekesha. Walifunga gurudumu la baiskeli nyuma ya gari, likawa linaburutwa barabarani. Kila gurudumu lilipohesabu futi 10, yaani kama mita tatu, liliziamuru kamera zote nne zipige. Gari likienda taratibu, sawa. Likienda haraka, sawa. Likisimama, kamera nazo zinanyamaza. Picha haikufungwa tena kwenye saa, ilifungwa kwenye ardhi.

Tatizo la tatu ni jua. Kivuli cha asubuhi kinaangukia upande mmoja, cha jioni upande mwingine, na mtaa uliopigwa asubuhi ukiunganishwa na uliopigwa jioni unaonekana kama miji miwili. Kwa hiyo walipiga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana tu. Gari lilipita katikati ya barabara, ili mtaa usiyumbe huku na huku. Kona za njia panda walizipiga peke yake, kila kona inayowezekana, ili mtazamaji akitaka kukata kulia akute kulia kupo.

Picha zote ziliwekwa kwenye diski za leza, mababu wa DVD, ambazo upande mmoja ulibeba picha 54,000. Mtu alikaa mbele ya skrini ya kugusa (1980, jamani!), akachagua njia, akabadili majira kutoka vuli hadi baridi, akasimama mbele ya jengo na kulitazama. Kati ya waliofanya kazi hiyo alikuwemo Michael Naimark, ambaye baadaye ameandika na kusema mengi kuhusu mambo haya.

Lakini Aspen ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Gurudumu linajua umetembea kiasi gani. Halijui uko wapi. Likiteleza kidogo kwenye barafu, au likipungua upepo, kosa linaingia, na kosa la hapa linabebwa hadi kule, linaongezwa juu ya jingine. Kwa mji mdogo unaweza kurekebisha kwa mkono. Kwa nchi nzima, sahau.

Jibu la hilo lilikuja kutoka angani. Setilaiti za GPS zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ina saa ya atomiki, na kila moja inatangaza muda wake bila kukoma. Kipokeo chako kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapima ishara ya kila moja imechelewa kiasi gani, kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Kumbe hata mahali, ukichimba sana, ni suala la saa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, kilitengeneza gari wakaliita GPSVan. Lilikuwa na kamera mbili za kidijitali zilizotengana kwa umbali unaojulikana, kama macho yako mawili, ili kutoka kwenye picha mbili za nguzo moja uweze kukokotoa nguzo iko umbali gani. Lilikuwa na GPS. Na kwa sababu GPS inapotea ukipita chini ya daraja, lilikuwa na jairo na kihesabio cha gurudumu. Lile gurudumu la Aspen, sasa likiwa msaidizi. Calgary, Kanada, nao wakatengeneza la kwao, VISAT, lenye kamera nyingi zaidi na mtambo mzuri zaidi wa kufuatilia mwendo. Hawa ndio walioanzisha hasa kile wapimaji wanachokiita upimaji wa kutembea. Kabla ya hapo mpimaji alisimika kifaa chake cha miguu mitatu kando ya barabara, akapima, akabeba, akasogea.

Kwa mtu wa kawaida bado GPS ilikuwa butu. Jeshi la Marekani liliingiza kosa la makusudi kwenye ishara ya raia, ukawa unaweza kukosea hata mita 100. Rais Bill Clinton aliagiza kosa hilo liondolewe Mei 2000, na usiku ule ule vipokeo duniani kote vikawa sahihi zaidi, hakuna aliyenunua kifaa kipya. Miaka saba baadaye Street View. Sidhani kama ni bahati nasibu.

Nimeyasoma haya kwa muda, lakini sikuyaelewa vizuri mpaka nilipopata lifti ya kikazi kwenye gari la kampuni moja ya upimaji hapa Dar es Salaam, iliyokuwa ikihesabu vibao, taa na mitaro kando ya barabara. Jina la kampuni tuliache. Kamera ilikuwa juu ya mlingoti uliofungwa kwenye keria, antena ya GPS juu yake kidogo, kompyuta siti ya nyuma, umeme kutoka betri ya ziada. Kwenye gurudumu la nyuma la kulia kulikuwa na kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko. Nilipoambiwa kazi yake nilicheka mwenyewe. Aspen hiyo, imekuja Ubungo.

Wale wapimaji wawili walianza na kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Kwa tepu ya kupimia walipima umbali kutoka antena hadi lenzi: kwenda mbele, kwenda pembeni, kushuka chini. Maana GPS inakwambia antena iko wapi, haikwambii kamera iko wapi. Kisha walikaza nati zote na kuziwekea alama ya rangi, ili ikilegea hata kidogo ionekane. Kamera ikigeuka nyuzi moja tu, kibao kilicho mita 20 mbele kinahama kama sentimita 35 kwenye ramani. Na kwa matuta yetu, kitu cha kulegea hakikosekani.

Tukatoka Kimara kwenda mjini kwa Barabara ya Morogoro. Jioni, ofisini, walipoziweka picha juu ya ramani, aibu. Picha ya kituo cha mafuta ilikuwa imekaa mahali penye miti. Kibao kilichoko Magomeni kimerudi nyuma karibu mita 200. Wakaanza kushuku antena. Wakabadili waya. Wakasema labda setilaiti zilikuwa chache, wakaangalia, zilikuwa nyingi. Mmoja akasema kihesabio cha gurudumu kimeharibika.

Dereva, mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita Mjomba, alikuwa mlangoni anasubiri kuruhusiwa aende nyumbani. Akasogea, akatazama skrini, akauliza: "Wanangu, mbona pale Manzese tulipokaa foleni picha zimekaa sawa?"

Kimya.

"Rudia, Mjomba," mmoja akasema.

"Pale tulipokaa sana. Lile duka la vitasa. Si liko mahali pake?"

Lilikuwa mahali pake. Tulipokuwa tumesimama, kosa lilikuwa sifuri. Tulipotembea polepole, kosa lilikuwa dogo. Tulipokimbia, kubwa. Antena mbovu haina tabia hiyo. Waya mbovu haujali mwendo wako. Kosa linalokua pamoja na mwendo wa gari ni kosa la saa. Walipiga hesabu: gari likienda kilomita 40 kwa saa linakula mita 11 kila sekunde. Mita 200 gawa kwa 11, unapata sekunde 18.

Na hizo sekunde 18 zinajulikana. Saa za GPS zilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980, na tangu hapo hazijawahi kusimama kumsubiri mtu. Saa ya kawaida ya dunia, ile inayofuatwa na simu na kompyuta zetu, imekuwa ikiongezewa sekunde moja moja ili iende sambamba na dunia ambayo mzunguko wake hauko sawasawa. Tangu 1 Januari 2017 tofauti kati ya saa hizo mbili ni sekunde 18. Kamera ilikuwa inaandika saa ya kawaida, kumbukumbu ya njia ilikuwa kwa saa ya GPS, na programu ilizioanisha kama vile ni kitu kimoja. Kisanduku kimoja cha kuweka tiki. Wakaweka tiki, kibao cha Magomeni kikarudi nyumbani. Mjomba naye.

Nilimfikiria David Kiehn na madimbwi yake. Miaka zaidi ya 100 imepita, kamera ni nyingine kabisa, lakini ugomvi ni ule ule: picha hii ni ya saa ngapi?

Turudi kwa Google, maana siwezi kuwaruka. Larry Page, mmoja wa waanzilishi, alizunguka na gari akipiga video mitaani, akaipeleka kwa watafiti wa chuo cha Stanford, akiwemo Marc Levoy, waone inaweza kufanywa nini. Magari ya mwanzo yalikuwa mazito, yamejaa kompyuta na leza. Baadaye wakatulia kwenye mlingoti wenye kamera 15 ndogo zilizoelekezwa kila upande. Shida inayoonekana hadi leo ni ya maungio: kamera mbili hazikai mahali pamoja, kwa hiyo kitu kilicho karibu sana kinaonekana tofauti kwa kila moja, na picha zikishonwa unapata mtu mwenye kiwiliwili huku na miguu kule.

Kuna matatizo ambayo spana haitengenezi. Japani watu walilalamika kwamba kamera inachungulia juu ya ua zao. Mwaka 2009 Google wakaishusha kwa sentimita 40 na kupiga upya. Mwaka huo huo, kijiji cha Broughton, Uingereza, wakazi walishikana wakazuia gari lisiingie. Sura za watu zilianza kufifishwa 2008. Na Mei 2010 likalipuka kubwa: Google wakakiri kwamba magari yao, wakati yanapita, yalikuwa yananasa pia vipande vya mawasiliano kutoka mitambo ya intaneti isiyo na nywila majumbani mwa watu. Mwaka 2013 walikubali kulipa dola milioni 7 kwa majimbo 38 ya Marekani na mji mkuu Washington. Kwa kampuni ile, hiyo ni hela ya soda.

Ujerumani, nchi ambayo watu wake wanajua dola inayochungulia ni kitu gani, kaya zaidi ya 244,000 ziliomba mwaka 2010 nyumba zao zifichwe. Zikafichwa. Ukipita kwenye picha zile ulikuwa unakuta jengo zuri, jengo zuri, halafu ukungu. Siwacheki. Haki yao.

Ila nikikaa na kuwaza upande wetu naona tatizo letu limegeuzwa kichwa chini. Afrika Kusini ilianza kuonekana kwenye Street View 2010, wakati wa Kombe la Dunia. Uganda na Kenya zikafuata baadaye. Gombe, kwa sokwe wa Jane Goodall, ilipigwa 2014 kwa kamera ya kubebwa mgongoni. Kwa hiyo mtu wa Oslo aliweza kuitembelea njia ya sokwe kabla hajaweza kuitembelea njia ya Mbagala. Zanzibar ilianza kupigwa 2019, na si magari ya Google yaliyofanya hivyo bali watu wa kujitolea pamoja na wanafunzi wa SUZA waliofundishwa kazi. Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi wa Ardhi na Mlimani kwenye mradi wa Ramani Huria walizunguka kata zinazofurika maji, kwa miguu, wakiandika mitaro na nyumba moja moja. Kazi kubwa, na ninawavulia kofia.

Mwaka 2017 nyumba na maduka yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, yalibomolewa ili barabara ipanuliwe. Barabara imepanuka, tunaipita, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye mambo madogo. Nimeongea na watu kadhaa wa kule. Mmoja anasema ukuta wake ulikuwa hapa, jirani anasema hapana, ulikuwa pale kwenye nguzo. Nilipowaomba picha za mtaa wao wa zamani waliniletea walichonacho: picha za harusi, za kipaimara, za mtoto siku ya kwanza ya shule. Nyuma ya bibi harusi kuna robo ya geti. Nyuma ya mtoto kuna nusu ya kibao cha saluni. Tarehe hakuna. Mama mmoja aliweka kidole kwenye pembe ya picha, kwenye kipande cha ukuta wa bluu kisichozidi ukucha, akaniambia, "Hapo ndipo dukani kwangu."

Kama gari la wale wapimaji lingepita pale 2016, hata na saa yake mbovu, angekuwa na zaidi ya ukucha. Picha tulizopiga siku ile na Mjomba, kutoka Kimara hadi mjini, kila mita chache, kila moja na saa yake na mahali pake, ziko kwenye diski mbili ndani ya kabati. Niliuliza ni za nani. Za mteja, nikaambiwa. Na mteja akishamaliza kuhesabu vibao? Yule mpimaji akainua mabega, akasema kwa kawaida, nafasi ikijaa, huwa wanafuta.